Mbwa mchungaji katika nyumba yenye watoto



Tangu tupate mbwa nyumbani, wengi mnanisimamisha njiani: “Mama mwalimu, na sisi tunatafuta berje wa kulinda parseli. Unatushauri nini?” Usiku wa Bukavu sote tunaujua, na simkatazi mtu kufuga mbwa. Lakini kabla ya kupokea katoto ka mbwa ka aina hiyo, ni vizuri ujue ni kazi gani inaingia kwako, na ni nani atakayeifanya.

Wengi tunafikiri berje aliumbwa kwa kulinda mlango. Sivyo. Jina lake maana yake ni mchungaji. Mwaka 1899, ofisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchunga kondoo, akamwita Horand, na huyo ndiye wa kwanza kuandikwa katika kitabu cha ukoo huu. Kazi ya mababu zake ilikuwa kutembea siku nzima kando ya kundi, ili kondoo wasiingie katika mashamba ya watu. Kondoo akitoka, mbwa anamkimbilia na kumzunguka. Akikaidi, anamng’ata kidogo ili arudi. Hakuna anayemfundisha katoto ka berje tamaa hiyo ya kukimbiza, anazaliwa nayo.

Sasa mweke mbwa huyo katika parseli ya kwetu, kwenye mtelemko, nyumba tatu zimebanana na watoto tisa wanakimbizana. Kondoo hakuna. Basi watoto ndio wanakuwa kondoo.

Simba aliletwa na bwana yangu akiwa na miezi 2, kwa sababu ya wezi. Siku za kwanza alikula na kulala tu. Alipofika miezi 3, alianza kufuata visigino. Mimi nabeba beseni la maji, yeye ananing’inia kwenye kitenge changu. Kamambili zote zilitafunwa. Maharagi niliyopanda nyuma ya nyumba yalichimbuliwa. Mtoto wangu wa mwisho, wa miaka 4, alikuwa akimwona anakimbia na kupiga kelele, na kadiri alivyokimbia ndivyo Simba alivyozidi kumfuata. Kwa Simba ulikuwa mchezo mtamu. Kwa mtoto ilikuwa hofu ya kweli. Akaanza kukataa kutoka nje asubuhi.

Kisha siku moja mtoto wa jirani aling’atwa kisigino, damu ikatoka kidogo. Tuliosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, halafu tukaenda naye hospitali siku ileile, akaanzishiwa chanjo. Wamama, hapo msifanye mchezo. Ugonjwa wa raje, yaani kichaa cha mbwa, ukishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mapema, inaokoa. Usipake majani, usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Jioni mama yake alikuja kwangu. Alisema kwa upole: “Mama mwalimu, nakuheshimu. Lakini kama huyu mbwa anabaki namna hii, watoto wangu hawapiti tena hapa.” Huyo ni mama tunayeazimana chumvi na kulindiana watoto. Usiku huo tulikaa na familia. Bwana yangu alitaka kumfunga mnyororo mchana kutwa. Mama mkwe alisema apewe mtu mwingine.

Mimi nilifikiria kalasi yangu. Kila mwalimu anamjua yule mtoto anayemaliza zoezi kabla ya wenzake, kisha anavuta nywele za aliyeketi mbele. Ukimpiga, kesho atarudia. Ukimpa kazi ya kugawa madaftari, anatulia. Nikaomba tumpe Simba kazi, miezi mitatu, na kama watoto wangeendelea kuogopa, angeondoka. Mnyororo niliukataa: mbwa mwenye nguvu aliyefungwa siku nzima hatulii, nguvu inalundikana, na siku ya kufunguliwa inamwagika yote juu ya mtoto wa kwanza atakayepita.

Tulianza na watoto. Niliwafundisha kuwa mti: mbwa akikujia mbio, simama, kunja mikono kifuani, nyamaza, tazama juu. Mti haukimbizwi. Tulifanya mazoezi uani kama wimbo wa kalasi, na mtoto wa jirani akiwa mmoja wao, mama yake akitazama. Mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa, hata kwa dakika moja. Sheria hiyo tunaishika mpaka leo.

Kisha Simba. Asubuhi saa kumi na moja na nusu, kabla ya shule, mtoto wangu mkubwa na mimi tunamtembeza kwa kamba, dakika 20, si mbio ndefu, kwa sababu viungo vya mbwa anayekua ni laini, na ukoo huu unajulikana kwa ugonjwa wa nyonga. Chakula hapati bure: anaketi kwanza, anangoja. Mara nyingine tunaficha sambaza kavu sehemu tano za uani, naye anatafuta kwa pua. Kazi ya pua inamchosha kuliko mbio. Kwa kuwa meno ya utoto yanamwasha na yanaanza kung’oka karibu na miezi 4, tulimfungia mafundo katika suruali kuukuu, atafune hiyo. Na mchana analala mahali pake, watoto hawaruhusiwi kumwamsha. Katoto ka mbwa kaliyekosa usingizi kanang’ata zaidi, sawa na mtoto aliyekosa kulala mchana anavyolia ovyo.

Fimbo hatutumii. Mbwa anayepigwa anajifunza kuogopa mkono, na mkono anaokutana nao mara nyingi zaidi ni wa mtoto.

Lakini nani alifanya yote hayo? Wiki mbili za kwanza ni mimi, juu ya maji, jiko, na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Nikamwambia bwana yangu: “Baba watoto, mbwa ni mlinzi wa nyumba nzima, kazi yake nayo iwe ya nyumba nzima.” Sasa matembezi ya jioni ni yake. Chanjo ya raje, aliyopata akitimiza miezi 3 na ambayo hurudiwa, pamoja na dawa ya minyoo, analipa yeye. Fedha hiyo ihesabiwe mapema, na chakula pia: dume akikomaa anafika kilo 30 hadi 40, na bugali peke yake haumtoshi.

Simba sasa ana miezi 11. Bado anataka kukimbiza pikipiki, na kamba hatujaiacha. Lakini mtoto wangu wa mwisho ndiye anayemwambia “keti”, naye anaketi. Watoto wa jirani wanapita, ingawa mama yao bado anamshika mdogo mkono anapofika kwenye mlango wetu. Simlaumu.

Kwa hiyo, mama, kabla hujasema ndiyo, mketishe bwana na watoto. Ulizeni: nani atatembea naye asubuhi na jioni, hata mvua ikinyesha? Nani atalipa chanjo? Nani atakaa uani watoto wanapocheza? Kama jibu la kila swali ni “mama”, basi chukueni mbwa wa kawaida wa hapa kwetu, mwenye tabia ya upole. Naye anabweka mwizi akifika, na mchana anakuachia nafasi ya kupumua.