Mkono wa Baba Mdogo

Kisa hiki nakieleza nami ni mmoja wa wenye makosa ndani yake.

Baba yangu mdogo ni fundi cherehani hapo Tunduma, mpakani na Zambia. Mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka akiwa ameuweka gotini. Akishika kitu, hutulia. Kisha hatua zikafupika, uso ukawa kama usiojua kucheka, na katika sala akawa mzito kuinuka kutoka sijida. Mwisho uzi ukamshinda kuutia sindanoni. Nyumbani pakanong'onwa kwamba shangazi amemroga kwa ajili ya kiwanja. Nami nikasadiki. Idi mbili nilipita mlangoni pake nisionje chakula chake.

Tabibu wa Mbeya ndiye aliyetufumbua macho. Maradhi hayo huitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo hufa kidogo kidogo chembe zinazotengeneza dopamini, ambayo huongoza mwendo wa viungo. Hayaponi, ila vidonge vya levodopa hurudisha wepesi. (Levodopa imo hata katika mbegu za upupu, lakini asije mtu akazitafuna, maana kipimo chake hakijulikani.)

Wala si sisi peke yetu tuliokosa kuyatambua. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu wapatao 161,000. Matokeo yalitolewa 2008: wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa wanaugua nini.

Tulidhani fitina imekwisha. Kumbe waliokuja kumposa binti yake walisikia habari za urithi, wakanyamaza. Ulimi uliosema uchawi sasa ukasema damu mbaya!

Ni kweli urithi una sehemu yake. Mwaka 2023 ilitangazwa, kwa uchunguzi wa Wanaijeria na Wamarekani weusi, kwamba liko badiliko katika jeni iitwayo GBA1, linaloonekana kwa watu wa asili ya Afrika na ni nadra mno kwa Wazungu. Aliyerithi nakala moja, hatari yake ni kama mara moja na nusu ya mwingine. Aliyerithi mbili, kwa baba na kwa mama, kama mara tatu na nusu. Lakini hatari ya asili ni ndogo. Hata ikizidishwa hivyo, wengi wenye kulibeba huishi na kufa bila ya kutetemeka. Na aghalabu wagonjwa hawana jamaa mwingine mwenye maradhi hayo. Haya niliwaendea wazee wa bwana harusi nikawaeleza. Walisikiliza kwa adabu. Jibu bado hawajaleta.

Baba mdogo sasa hutia uzi sindanoni asubuhi, baada ya kidonge.

Kwa shangazi nilikwenda Ijumaa, baada ya sala. Nilitaka kuanza na msamaha, akaniwekea sahani mbele.

“Kula kwanza, mwanangu,” akasema. “Kitapoa.”