Mwendo wa Aliye Nyuma

Kila yakaribiapo mapumziko ya mwezi wa Septemba, wazazi huniuliza watoto wao wafanye nini ili wakati usipotee bure. Wengine wataka chuo kisifungwe hata siku moja, kwani kwao mchezo wote ni lahau. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Urambo, umri wangu umepita miaka 50, na elimu yangu ni ya Kurani na skuli ya msingi tu. Wala sina jibu la kitabuni pekee. Ninalo jambo nililolishuhudia.

Lahau mbaya ni ile imsahaulishayo mtu wajibu wake. Ama kuutia mwili nguvu na moyo furaha, hilo halikukatazwa. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha katika safari. Na Sura An-Nahl, baada ya kutaja farasi, nyumbu na punda tuwapandao, yatukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu huumba na vingine tusivyovijua. Baiskeli nayo ni katika neema hizo.

Basi mwaka mmoja tulitoka watu 9, mimi na wanafunzi wangu, tukashika njia za porini kutoka Urambo kwenda Usoke, upande wa mashariki. Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Kwetu hakuna milima mirefu. Kuna miinuko ya mchanga yenye miombo, na baina yake mbuga ambazo wakati wa kiangazi udongo wake hupasuka nyufa za kuweza kumeza gurudumu. Katika nchi za kaskazini ya dunia, majira hayo majani ya miti huwa mekundu kwa kuwa yaelekea kuanguka. Miombo yetu huvaa majani mekundu kwa kuwa ndiyo kwanza yachipua, kabla mvua haijanyesha.

Kijana mmoja alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na baiskeli ya milimani yenye gia nyingi. Wenziwe walikuwa na baiskeli za baba zao, nzito, za kubebea magunia, nao wakaona haya. Nikawaambia wasijidharau. Mchezo huu wa njia za milimani, wautazamao katika simu, ulikuzwa huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, na vijana walioteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu na nzito zenye gia moja. Shindano lao la mwaka 1976 liliitwa Repack, kwani mteremko uliunguza grisi ya breki, ikawalazimu kuipakia upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Sunna yafundisha kuwa wasafiri wakiwa watatu wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Vijana walimchagua yule wa Dar es Salaam, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu na chombo kizuri. Nikamwambia, "Mahali pako ni nyuma ya wote." Akastaajabu, akasema, "Maalim, baiskeli hii imetengenezwa kwa kukimbia." Nikamjibu, "Nawe umechaguliwa kwa kungoja." Kisha nikamweleza kuwa katika Sunan hiyo hiyo, Jabir amesimulia kwamba Mtume alikuwa akikaa nyuma safarini, akimsukuma mnyonge, akimpakia mtu nyuma yake, na kuwaombea dua.

Nchi hii yahitaji mno somo hilo. Hapa ilipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kwenda Ujiji. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo pembe na nguo zilichukuliwa na watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja ratili 60 hata 70. Kazi hiyo ilififia reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wasafiri walioandika khabari za njia hiyo wametaja wagonjwa na watumwa walioachwa porini kwa kuwa hawakuweza kufuata mwendo. Viongozi wa kwenda mbele hawakukosekana. Aliyekosekana ni wa kutazama nyuma.

Katika kundi letu wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka 12, yatima. Kila tulipofika mteremko alishuka, akaisukuma baiskeli yake. Waliotangulia walicheka, wakamwita mwoga. Amiri wetu naye, kama alivyonieleza usiku, alidhani vivyo hivyo, hata alipomwuliza sababu. Mtoto akamwonyesha gurudumu la nyuma: spoki tatu zimekatika, zimefungwa kwa waya. Akasema, "Kaka, hii ndiyo tunayochukulia maji ya kuuza mimi na mama. Ringi ikipinda leo, kesho hatuna cha kula."

Kijana aliyachukua maji na mfuko wa mtoto akaviweka katika baiskeli yake. Kisha akapiga ukelele tusimame, akamtoa mtoto nyuma akamtia mbele ya wote. Akasema, "Mwendo wa leo ni wa huyu." Siri ya gurudumu hakuitoa, alimhifadhia mwenziwe sitara yake. Tulifika Usoke jua linakaribia kuchwa, na mbung'o wametuuma vya kutosha, lakini ringi ilikuwa nzima. Asubuhi fundi wa pale alinidokezea kwamba kijana wa mjini amelipia spoki mpya kwa fedha zake za likizo, na amemwomba asiseme.

Enyi wazazi, msiogope kuwaachia watoto njia, bali waandalieni. Wapeni maji, pampu, viraka na gundi. Wavisheni nguo za rangi nyepesi, kwani mbung'o hupenda weusi na buluu, na hufuata kila kiendacho. Watoke mapema, wajue mahali pa kusalia. Na wawe na amiri anayejua cheo chake ni nini.

Nanyi vijana, aliye mbele huiona njia, lakini aliye nyuma huwaona watu. Mwenye mwendo wa polepole huenda hana miguu dhaifu. Huenda amebeba nyumba nzima juu ya magurudumu mawili. Basi mwana akirudi safarini, mzazi asimwulize nani alikuwa wa kwanza kufika. Amwulize nani alikuwa wa mwisho, na nani alikuwa pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.