Barabara Yenye Majina Matatu

Mtu atokaye shamba akifika Nairobi, hakosi siku moja kupita katika Kenyatta Avenue. Barabara hiyo ni pana sana, na upana wake una sababu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na katika miaka ile ya mwanzo mizigo mingi ilichukuliwa kwa magari ya kukokotwa na maksai. Kwa hiyo, husemwa, njia ilipimwa pana ili msururu mrefu wa maksai upate kugeuka bila taabu.

Kwanza iliitwa Sixth Avenue, yaani Njia ya Sita. Baadaye ilipewa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, aliyefariki mwaka 1931, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963 sanamu hiyo iliondolewa, na barabara ikaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, aliyekuwa Rais wa kwanza.

Lakini ajuaye majina hayo matatu tu hajaijua barabara yenyewe. Kandokando yake yako mambo mawili yanayowahusu watu wasio na majina makubwa.

La kwanza ni sanamu za askari, zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Miongoni mwao yumo mchukuzi, asiye na bunduki. Wachukuzi wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndilo asili ya jina la mtaa wa Kariokor.

La pili ni Nyumba ya Kipande, iliyojengwa mwaka 1913. Humo wanaume wa Kiafrika waliandikishwa na kupewa kipande, cheti ambacho kila mmoja alilazimika kukichukua, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Baadaye nyumba hiyo ikawa benki, na wajukuu wa wale walioandikishwa humo wakaingia kwa hiari yao kuweka fedha.

Basi aendaye mjini kwa shughuli zake asipite upesi. Na asimame kitambo mbele ya yule mchukuzi, kwani huenda ni babu yake.