GARDENA: MJI ULIOISHI KWA KARATA TANO

Msomaji, ukitua katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, kule California, na ushike barabara ya kusini-mashariki, muda si mrefu utaingia katika mji mdogo uitwao Gardena. Hautakushtua kwa lolote. Nyumba nyingi ni za chini, maduka yamejipanga kando ya barabara pana, na watu wako mbioni na shughuli zao. Hapo zamani mashamba ya mji huu yalisifika kwa stroberi, na wakulima wengi walikuwa wahamiaji kutoka Japani. Mgeni hawezi kujua kwamba kwa zaidi ya miaka arubaini mji huu ulitajwa kote Marekani kwa sababu ya mchezo mmoja wa karata, yaani poka.

Mimi nilipelekwa huko na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ameishi California kwa miaka mingi. Kazi yake ni kugawa karata katika ukumbi mmoja wa poka. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza, nilinyamaza. Katika boma letu marehemu babu alizitia karata motoni siku alipotukuta tukizichezea nyuma ya ghala.

"Usiniangalie hivyo, ndugu yangu," aliniambia huku akicheka. "Mimi nagawa tu, sichezi. Mpishi wa hotelini si lazima ale kila anachopika."

Katika siku tatu alizonitembeza, nilitambua kwamba historia ya mahali hapa haikuandikwa na wacheza kamari peke yao. Iliandikwa pia na wanasheria.

MANENO MACHACHE YA SHERIA

Mwaka 1872 jimbo la California lilitunga sheria ya adhabu iliyoorodhesha michezo ya kamari iliyoharamishwa. Ilikataza pia mchezo wowote ambao mwenye nyumba hushindana na wageni wake, au hujikatia asilimia ya fedha zinazowekwa mezani. Mwaka 1885 mchezo mmoja zaidi uliongezwa katika orodha hiyo, ule ulioitwa "stud-horse poker". Maneno hayo machache yalikuja kuwasumbua watu kwa zaidi ya karne moja.

Katika poka ya aina ya "stud", baadhi ya karata za mchezaji huwekwa wazi mezani. Lakini kulikuwa na poka nyingine, ambamo kila mtu hugawiwa karata tano za siri, akatupa zisizomfaa na kupewa badala yake. Je, nayo iliharamishwa? Mwaka 1911 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ulysses S. Webb, alitoa maoni kwamba hiyo haikukatazwa. Ikawa ni juu ya kila mji kuamua kama utairuhusu au utaifukuza.

Miji mingi ya eneo la Los Angeles iliikataa. Gardena iliikubali, na mwaka 1936 vilabu vya poka vikaanza kufungua milango. Baadaye vilifika sita, na baraza la mji halikutaka vizidi hapo. Wachezaji waligawa karata wenyewe kwa zamu. Kila nusu saa mfanyakazi alipita mezani akiwatoza kodi ya kiti. Haba na haba hujaza kibaba: kodi hiyo iliwatajirisha wenye vilabu, na ushuru waliolipa ukawa tegemeo la hazina ya mji. Mara kadhaa wapinzani wa kamari waliupeleka mswada wa kuvifunga vilabu mbele ya wapiga kura wa mji, na kila mara walishindwa.

Binamu alinionyesha mahali ambapo baadhi ya vilabu hivyo vilikuwa. Hakuna cha kutazama sana. Wazee wengi waliostaafu, wanawake kwa wanaume, walishinda humo mchana kutwa wakicheza kwa fedha kidogo, wengine wakiwa na vifuko vyao vya chakula. Kwao kilabu kilikuwa kama baraza la kijiji, ila baraza hili lilikuwa la kulipia.

JIRANI ALIPOFUNGUA MLANGO

Riziki hiyo ilitegemea jambo moja, kwamba majirani wataendelea kukataa. Mwaka 1980 mji wa Bell ukafungua kilabu chake. Mwaka 1983 mji wa Commerce ukafuata, na mwaka 1984 Bell Gardens nayo ikawa na chake, kilichoitwa Bicycle Club. Hiki cha mwisho kilizua kioja. Iligunduliwa kwamba sehemu ya fedha zilizokijenga zilitoka kwa wauza dawa za kulevya, na mwaka 1990 serikali ya Marekani ikazitwaa hisa zao. Serikali ileile inayowinda wahalifu ikajikuta mshirika katika biashara ya kamari!

Pigo la pili kwa Gardena lilitoka mahakamani. Kulikuwa na mchezo uitwao Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote zikawekwa wazi katikati ya meza. Polisi walidai kuwa ni "stud-horse" iliyobadilishwa jina. Mwaka 1987 mahakama iliamua kwamba sivyo, mahakama ya rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 1990, na mwaka 1991 wabunge wa jimbo wakayafuta kabisa maneno "stud-horse poker" katika orodha ya sheria.

Matokeo yalikuwa makubwa. Vijana walikimbilia mchezo mpya, na kumbi kubwa za Commerce na Bell Gardens zikajaa. Wagawaji wa kuajiriwa, kama binamu yangu, wakawa ndio desturi. Wale wazee wa karata tano waliona wenzao wakipungua mezani, na vilabu vya kale vya Gardena vikafungwa kimoja baada ya kingine. Normandie, mojawapo ya vile vya kale, iliuzwa na kupewa jina jipya mwaka 2016.

Angalia ajabu hii, msomaji. Hakuna sheria iliyowafukuza wazee hao. Sheria iliruhusu kingine, na wao wakabaki bila mtu wa kucheza naye.

NDANI YA UKUMBI

Jioni ya pili tulikwenda Commerce, kando ya barabara kuu yenye magari yasiyokatika usiku wala mchana. Ukumbi wa huko una sifa ya kuwa miongoni mwa kumbi kubwa kabisa za poka duniani. Kijana asiyetimiza miaka 21 haruhusiwi kucheza.

Kitu cha kwanza kilichonipokea ni sauti. Wachezaji huchezea zile sarafu za plastiki vidoleni bila kukoma, na kwa kuwa meza ni nyingi, mlio wake ni kama mvua ya rasharasha juu ya paa la mabati. Mezani huketi watu tisa hivi. Niliona dereva wa lori akiwa bado na fulana ya kazi, mwanamke aliyevaa sare za uuguzi, na kijana mwenye mkoba wa vitabu. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Walionekana kama watu wanaosubiri kumwona daktari.

Binamu alininong'oneza: "Usitazame rundo la fedha katikati ya meza. Tazama mkono wa mgawaji."

Nilitazama. Sheria ya California bado inamkataza mwenye ukumbi kujikatia asilimia ya fedha za mezani. Anachoruhusiwa ni ada iliyotangazwa kabla ya mchezo. Basi katika kila mgao, mkono wa mgawaji ulitwaa sarafu chache na kuzidondosha katika tundu la meza.

Nilitoa kalamu nikapiga hesabu. Tuseme ada ni dola 5 kwa kila mgao, na kwa saa moja kuna migao 30. Hizo ni dola 150. Kwa saa nane ni dola 1,200. Hata kama watu wote tisa wana ujuzi sawa na bahati sawa, watainuka wakiwa wamepungukiwa na dola 1,200 kwa jumla. Ni lazima baadhi yao wapoteze ili hata mmoja aende nyumbani na faida. Dereva yule wa lori sijui kama aliwahi kuifanya hesabu hiyo.

FAHALI WANAPOPIGANA

Siku hizi vita ni vipya. Mwezi Machi mwaka 2000 wapiga kura wa California waliwapa makabila ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa nchi ile, haki ya pekee ya kuendesha mashine za kamari na michezo ambayo nyumba hushindana na mgeni. Makabila hayo yalinyang'anywa ardhi, na mapato ya kasino ndiyo yaliyoyawezesha kujijengea shule na zahanati. Yanalalamika kwamba kumbi za karata zinaiba haki hiyo kwa kuendesha michezo inayofanana na ile ya kasino, zikitumia kampuni za nje kushika nafasi ya nyumba.

Sheria ya mwaka 2023 ilizuia kumbi mpya za karata kufunguliwa hadi mwaka 2043. Sheria nyingine iliyotiwa sahihi Septemba 2024 iliwaruhusu wenyeji hao kuzishtaki kumbi. Walishtaki Januari 2025, na mwezi Oktoba mwaka huohuo jaji wa Sacramento akaitupa kesi.

Poka yenyewe haikulengwa. Lakini wenye kumbi husema kwamba ile michezo mingine ndiyo inayolipa bili, na ikiondoka, meza za poka nazo zitakunjwa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni miji midogo kama Commerce, Bell Gardens na Hawaiian Gardens, ambayo polisi, maktaba na bustani zake hutegemea sana ushuru wa karata. Nyasi pia ni watu kama binamu yangu.

Naye mchezaji hakusazwa. Sheria ya kodi ya Marekani iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 iliamuru kwamba kuanzia mwaka 2026, mcheza kamari ataruhusiwa kutoa asilimia 90 tu ya hasara zake katika hesabu ya kodi. Maana yake ni kwamba aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000 katika mwaka mmoja atahesabiwa kuwa na pato la dola 10,000, ilhali mfukoni hana hata senti aliyobaki nayo. Wachezaji wanaoishi kwa poka waliipigia kelele sana.

MEZA YA JIKONI

Usiku wa mwisho, binamu alirudi kazini saa tisa za usiku. Alikaa kwenye meza ya jikoni akamwaga bahashishi zake, kisha akazipanga mafungu matatu: la kodi ya nyumba, la karo ya chuo ya binti yake, na la kumtumia shangazi nyumbani. Shemeji alikuja akiwa na leso mabegani, akalitwaa lile la kodi ya nyumba bila kusema neno.

"Wakizifunga zile meza nyingine utafanya nini?" nilimuuliza.

"Nitaendesha lori," alijibu. "Lakini nitakwambia ukweli, ndugu yangu. Kuna mzee mmoja hukaa meza yangu karibu kila usiku. Kila anaponipa dola yangu moja ya bahashishi, najiuliza kama jikoni kwake kuna fungu lililobaki."

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwamba hata kwetu Kenya sheria ya kamari ya mwaka 1966 imepisha nyingine mpya, iliyotiwa sahihi Agosti 2025, na kamari yetu kubwa leo imo ndani ya simu. Ukumbi wa Commerce una angalau mlango, na mlangoni kuna mtu anayeuliza umri wako. Simu huingia nasi hadi kitandani.

Sheria mpya zitakuja na za zamani zitafutwa, kule na huku. Zinaweza kuamua nani afungue meza, atoze kiasi gani na nani asiketi. Lakini saa ya kuinuka huachiwa mchezaji, na wanaomsubiri nyumbani hawana kura.