Korongo Lisilo Lao

Wahenga walinena kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Walionena hivyo, bila shaka, walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Mwezi wa Aprili 2018, vijana wawili, wanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja, waliikumbuka methali hiyo wakiwa ndani ya korongo karibu na Lokichoggio, chupa yao ya mwisho ya maji ikiwa imebaki nusu.

Mmoja alikuwa mwenyeji, mwingine mgeni. Mgeni, mtoto wa mvuvi wa Lamu, alikuwa amesafiri kutoka Lodwar, akapita Kakuma, akafika Lokichoggio akiwa amejaa vumbi na hamu. Mwenyeji alizaliwa mjini hapo katika miaka ya neema. Tangu mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanza operesheni ya kuwapelekea chakula raia waliokumbwa na vita vya Sudan, ndege za mizigo zilikuwa zikiruka na kutua hapo. Nayo hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1987, ilikuwa ikiwatibu majeruhi kutoka ng'ambo ya mpaka. Baba yake alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanjani. Mshahara huo ndio uliompeleka mwanawe shule ya bweni, mbali na Turkana, akiwa na umri wa miaka minane. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 mashirika yalianza kuhama, na mwaka 2006 hospitali ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Neema ikaondoka, elimu ikabaki. Kila likizo kijana alirudi nyumbani kama mgeni wa heshima, akachinjiwa mbuzi ambao hakuwahi kuwachunga.

Hilo hakumwambia rafiki yake.

Walitoka alfajiri kuelekea vilima vilivyo kaskazini ya mji, wakifuata mkondo mkavu wa mto, ambao watu wa kaskazini mwa Kenya huuita laga. Mchanga ulikuwa laini, na migunga ilikuwa imeinamia kingo pande zote mbili. Baada ya mwendo wa saa mbili kuta za mawe zilianza kusogeleana, laga ikawa korongo. Wakapanda hadi mgongoni mwa kilima, wakaitazama nyika iliyotandaa hadi upeo wa macho, wakala mkate na tende. Kisha wakashuka.

"Ni huku," mwenyeji alisema, akionyesha kwa fimbo.

Mgeni aliona kwamba mawe ya upande huo yalikuwa mekundu kuliko yale waliyoyapita asubuhi. Hakusema neno, alilelewa kutomsahihisha mwenyeji kwake. Mwenyeji naye aliona kwamba mchangani hapakuwa na nyayo zao. Naye hakusema neno. Mtoto wa Lokichoggio angewezaje kukiri mbele ya mtu wa Pwani kwamba haijui Lokichoggio? Basi heshima ya mmoja na haya ya mwenzake zikatangulia mbele, nao wakazifuata.

Saa sita jua lilikuwa utosini, na vivuli vilikuwa vimejikunja chini ya miguu, visiweze kumwelekeza mtu. Alasiri ndipo viliporefuka na kusema kweli. Asubuhi jua liliwapiga bega la kulia. Sasa limevuka upande wa pili wa mbingu, na kama kweli walikuwa wakirudi walikotoka, lingewapiga bega lile lile. Lilikuwa likiwapiga la kushoto.

Mgeni akasimama. Juu ya vichwa vyao, katika matawi ya mgunga, majani makavu na vijiti vilikuwa vimeshikamana kama kiota kilichosukwa ovyo. Mtoto wa mvuvi hakuhitaji mkalimani. Kwao, mikoko huvaa takataka kama hizo mahali ambapo maji ya bamvua yalikomea.

"Ndugu yangu," aliuliza, "maji hufika pale juu?"

"Hufika."

"Yatoke wapi, nasi hatujaona hata tone?"

Mwenyeji alinyanyua macho kuelekea vilima vya mbali, ambako wingu zito lilikuwa limetua. Mvua ikinyesha huko, maji hushuka kwa kasi hadi huku. Mtu huweza kuchukuliwa na mafuriko huku jua likimuunguza mgongo.

"Na njia, unaijua?"

Lilikuwa swali dogo, lililochelewa saa tatu.

"Siijui," mwenyeji alisema. "Sikuwahi kuijua."

Wakatoka korongoni kwa mikono na magoti. Huko juu walimkuta mvulana wa miaka kama kumi, fimbo mabegani, akiwachunga mbuzi. Mvulana aliwatazama viatu, akauliza kwa Kiturkana wamepoteza mbuzi wangapi. Hakuna aliyezurura huko bila sababu.

"Tumejipoteza sisi wenyewe," mwenyeji alijibu.

Mvulana alicheka hadi akaegemea fimbo yake. Kisha akaanza kuwaelekeza, na hapo ndipo aibu kubwa ilipomfika mwenyeji: kila tawi la korongo lilikuwa na jina, kila mpindo una jina, na katika majina hayo ya lugha ya mama yake alitambua machache tu. Mara tatu aliomba neno lirudiwe. Mara tatu mvulana alilirudia polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwishowe aliwaacha mbuzi kwa dada yake, akatangulia, akawafikisha mahali walipoweza kuiona mitambo ya simu ya mjini.

Usiku ule mjini hapakunyesha. Hata hivyo, asubuhi walipokwenda lagani waliukuta mchanga umelowa na kusawazishwa, na nyayo zao za alfajiri ya jana zimefutwa zote.

Katika madarasa ya Kiswahili msamiati wa mazingira huzungumziwa sana, na msomi huona fahari kuyaeleza maneno ya kwao mbele ya wenzake. Ni rahisi kusahau kwamba maneno hayo yana wenyewe, na kwamba kuzaliwa mahali si cheti cha kupajua. Mwenyeji alirudi nyumbani, akachukua daftari na kalamu, akaketi chini miguuni pa nyanya yake.

"Nyanya," alisema, "nifundishe majina ya makorongo."

Ajuza alimtazama kwa muda. Kisha akamuuliza kwa nini alikuwa amekawia hivyo.