Vijiko Sita

Mwezi wa saba mwaka 2016, risasi zilipoanza hapa Juba, niliacha kabati la vioo lenye vijiko, uma na visu 24, zawadi ya harusi yangu. Nilibeba watoto wawili, mama akabeba jerikeni ya maji na blanketi. Nani anakimbia na uma?

Tulikaa Bidibidi, Uganda, miaka sita. Tuliporudi nyumba ilikuwa kuta tu. Mabati yameenda, milango imeenda, hata vitasa. Habari ya kabati sikuuliza.

Basi nikaanza kama wengi wetu tunavyoanza, na vitu vya bei rahisi. Nilinunua dazeni ya vijiko barabarani, vyembamba kama karatasi. Wiki ya kwanza mtoto alikwangua ukoko wa posho kwenye sufuria, kijiko kikapinda shingo. Mwezi wa pili madoa ya kahawia yakatoka. Mama akacheka. "Si nilikwambia? Sisi tunakula kwa mkono." Ni kweli, asida na kisra ni za mkono. Lakini uji je? Na supu ya samaki ikiwa moto?

Jirani yetu ni fundi wa redio, na yeye ndiye alinifundisha kusoma kijiko. Chuma hakishiki kutu kwa sababu kimechanganywa na kromu, ambayo inatengeneza ngozi nyembamba juu yake, jicho haliioni. Ukiona mgongoni pameandikwa 18/10, maana yake ni kromu 18 kwa mia na nikeli 10 kwa mia. Hicho kinavumilia chumvi na ndimu. 18/0 haina nikeli. Kinafaa pia, ila usikiache na chumvi usiku kucha.

Akanipa sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyokufa. "Ikishika, hicho hakina nikeli ya kutosha. Lakini dada, usiamini sumaku peke yake. Kuna chuma cha bei rahisi kimetiwa manganizi badala ya nikeli. Sumaku inakikataa, na kutu bado inakipata. Na kisu usikikatae sumaku ikishika, kisu kinataka chuma kigumu." Halafu akaniambia nipime uzito mkononi, nibonyeze shingo kwa kidole gumba, nipitishe kidole ukingoni na katikati ya meno ya uma. Kama panakwaruza, hakuna aliyehangaika kupasugua, na mdomo wa mtoto ndio utalipa.

Nikaenda Konyo Konyo na sumaku kwenye kanga. Bidhaa nyingi pale zimepanda lori Uganda na kupita Nimule, na Kiswahili kinakutosha kubishana bei. Muuzaji aliona sumaku akatabasamu. "Mama, wewe ni polisi wa vijiko?" Nikabonyeza, nikapima, nikarudisha. Seti ya sanduku lenye kitambaa chekundu ilikuwa nyepesi, nikaiacha. Nilichukua vijiko sita vizito, kimoja kimoja, kwa sababu tuko sita. Bei yake ingenunua dazeni mbili za vile vyembamba.

Mama alikasirika kweli. Yeye amekimbia mara mbili na kurudi mara mbili. Mwaka 1992 walitoka Kapoeta kwenda Lokichoggio, halafu Kakuma, ambako mimi nilikua na kujifunza Kiswahili hiki. Tuliporudi 2012 aligawia majirani vyombo vyote. 2016 nimeshasema. "Kitu kizuri ni cha mtu anayekaa," akaniambia. "Wewe nani amekwambia tunakaa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimwambia tu kwamba nimechoka kununua vitu vya kutupa. Tangu nizaliwe kila kijiko changu kilikuwa cha muda, na maisha yenyewe hayakungoja, yaliendelea kupita. Watoto wangu wamekua wakikwangua sahani za plastiki. Ninataka wajue kitu kinachobaki mezani kesho.

Sasa vina mwaka wa pili. Tunaviosha kwa sabuni na sponji, si kwa waya wa chuma, kwa sababu vipande vya waya vinabaki na kuota kutu juu ya kijiko kizima. Jiki hatutii, inatoboa vidoto. Tukimaliza tunavikausha kwa kitambaa, hatuviachi vilale majini. Havijapinda.

Mama sasa anakula uji kwa kimoja, na ukimpa cha plastiki anakirudisha. Kila usiku, watoto wakilala, anavihesabu vyote sita, anavifunga kwenye kitambaa na kuviweka karibu na mlango, kando ya jerikeni. Asubuhi ninavifungua nakoroga chai. Hatujawahi kulizungumzia.