Usije na Panga

Kiritiri, Embu

Mpwa wangu,

Ndengu tulivuna kidogo kabla mvua haijakatika. Binamu yako ni vile vile unavyomjua. Mama yako goti humsumbua alfajiri, jua likipanda linalegea.

Naandika kwa sababu ya habari niliyoletewa na vijana wa hapa kanisani, nami sitaki kuiamini kabla sijaisikia kinywani mwako. Wanasema mwezi wa Agosti unakuja kutoka Mombasa na wenzako wanane wa maombi. Mtafunga siku tatu katika boma la mama yako, halafu mtang'oa muguka wake wote na kuuchoma moto, iwe ushuhuda kwa Kiritiri nzima. Wanasema hata panga mmeshaziombea.

Kama ni uongo, nisamehe, usome barua hii kama salamu tu. Kama ni kweli, keti chini uisome mara mbili.

Krismasi nilikuwepo. Mama yako alichinja yule jogoo mwekundu, akapika chapati, na muthokoi pia kwa sababu uliupenda ukiwa mdogo. Ulisimama mlangoni ukasema huwezi kula chakula kilichonunuliwa kwa pesa ya dhambi, ukatoka kwenda kwenye kesha. Hukuona kilichofuata. Alikifunika chakula chako kwa sahani nyingine, akakiweka juu ya kabati, na asubuhi kilikuwa bado pale. Hakumpa mtu. Alisema huenda ungerudi usiku na njaa ukaona haya kubisha.

Sikiliza sasa, usije ukasema mjomba anatetea muguka. Siutetei. Sijawahi kuutia mdomoni. Binamu yako alianza kutafuna akiwa kidato cha tatu, akichuma kwa watu wakati wa likizo, na leo ana miaka 31, mchana amelala na usiku anazunguka uani akizungumza peke yake. Namsikia. Nimezoea kutambua nyayo zake kama mtu anavyotambua mvua juu ya bati. Najua pia watoto wanaoamkia kuchuma badala ya kwenda shule. Kwa hiyo ukiniambia jani hili limetuumiza, huniambii jipya. Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, sehemu ya moyo wangu iliwaelewa. Wao pia ni wazazi wa watu.

Lakini wiki ile ile mama yako alikuwa na magunia mawili yaliyochumwa na kufungwa, na gari likarudishwa. Muguka hauwekwi, siku ikipita umenyauka, hauna bei. Rais alisema amri zile hazina nguvu na mahakama ya Embu ikazisimamisha, lakini magunia yale yalikwishaliwa na mbuzi. Siku gari liliporudishwa ndiyo ulimpigia simu kumwambia ni mkono wa Bwana. Hakukujibu. Alikuuliza kama umekula.

Kila shilingi ya karo yako ilitoka katika vichaka vile. Baba yako alifariki ukiwa darasa la tatu. Mama yako alikuwa akiamka saa kumi usiku, anajifunga gunia kiunoni, anachuma kichipukizi kimoja kimoja kwa kucha mpaka vidole vinakuwa vyeusi, rangi isiyotoka hata kwa majivu. Wenzako walijua siku ya pesa kwa sababu ulikuja shuleni na viatu. Sisemi hili kukuaibisha. Nasema ili ujue unapong'oa, unang'oa nini.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia, na mama yako kwa heshima yake hakukuambia pia.

Mwaka 1977 nilikuwa na miaka 20, kibarua katika ujenzi wa bwawa la Gitaru. Niliokoka katika ushirika wa ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya 1937. Ndugu wale walikuwa watu wa kuungama mbele ya wote, wa kurudisha walichoiba, hata kama ni msumari. Niliwapenda kwa moyo wangu wote. Kwa miezi mitatu nilikuwa moto. Nililala juu ya gunia ili nifanane na watakatifu.

Ikafika siku ya wazee kuja kwetu kuzungumza mahari ya mama yako. Bibi yako alikuwa ametengeneza pombe ya asali, asali ya mizinga ya babu yako mwenyewe, na tunda la muratina likichacha ndani ya mtungi kando ya mafiga. Kwa wakati ule hilo ndilo lililokuwa neno lenyewe. Bila kinywaji kile wazee hawaketi, na wasipoketi hakuna lililosemwa.

Nilifika Ijumaa jioni. Harufu ilinipokea langoni. Niliingia jikoni nikiimba, nikashika mchi wa kinu, nikaupiga mtungi. Mpaka leo naiona ile pombe ikitafuta njia kwenda mlangoni, kuku wakiikimbilia. Bibi yako hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaanza kuokota vigae, kikubwa akakiosha na kukiweka kando kwa sababu kingefaa kuchotea makaa kwa jirani. Mama yako alikuwa amesimama pale mlangoni, ana miaka 18, amevaa leso mpya aliyonunuliwa kwa ajili ya kesho yake. Upindo wake ulilowa.

Jumapili nilisimama katika ushirika nikatoa ushuhuda. Nilingoja waanze wimbo. Hakuna aliyeanza. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mtu ambaye wakati wa Hali ya Hatari alikataa kiapo na akakataa bunduki, akapigwa na pande zote mbili. Akaniambia kwa upole, "Kijana, dhambi ya mama yako umeitubu vizuri sana. Yako utaitubu lini?"

Nilikasirika. Nilidhani wokovu wake umepoa kwa uzee.

Jumatatu alikuja kwetu kwa miguu na debe la asali begani. Yeye hakunywa pombe tangu aokoke, na alijua asali ile huenda ikageuzwa pombe. Alimpa bibi yako, akamwambia, "Hii ni ya mtungi. Fanya nayo utakavyo." Kisha akaniambia niende Gitaru nifanye kazi mpaka nimlipe yeye bei yake. Nililipa kwa miezi minne. Siku niliyomaliza ndiyo ninayoihesabu kuwa siku niliyookoka, ingawa kitabu cha kanisa kina tarehe nyingine.

Lakini kuna kisicholipika. Wazee walikuwa wamekuja Jumamosi, wakakuta sakafu yenye unyevu na vikombe vitupu. Hawakuketi. Mahari ililipwa baadaye kidogo kidogo, na mama yako akaolewa, lakini neno lilibaki. Baba yako alipofariki, ndugu zake walikaa chini ya mti wakasema ndoa ile haikunywewa. Wakachukua shamba la chini, lile la kando ya kijito, wakamwachia mjane ule mteremko wa mawe ambako mahindi hukauka yakiwa na urefu wa goti. Walikuwa wachoyo watu wale hata kabla, nami sitawasafisha. Wangetafuta sababu nyingine. Lakini sababu waliyoitumia niliwapa mimi, kwa mchi, nikiimba. Na katika mawe yale ni mmea gani ulivumilia? Wewe unaujua. Muguka ule unaotaka kuung'oa, mpwa wangu, mimi nina mkono katika kuupanda.

Ndiyo maana sijalala vizuri tangu niliposikia habari hii.

Fungua Marko sura ya 7. Bwana aliwakuta watu waliosema mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama wasiitarajie. Hakuwasifu kwa utoaji. Aliwaambia wametangua amri ya Mungu kwa desturi yao. Nimesikia pia, tena hili sikulitafuta, kwamba tangu Januari hujamtumia mama yako kitu, ila kila mwisho wa mwezi unapanda mbegu kwa mtumishi. Wewe unalijua neno la Kigiriki na la Kiebrania kuliko mimi. Niambie hiyo inaitwaje.

Wala usifikiri nakuambia unyamaze mbele ya dhambi. Sisi watu wa huku tulilelewa na Askofu David Gitari, nami nilimsikia kwa masikio yangu zaidi ya mara moja. Tangu 1975 alikuwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki, dayosisi iliyoshika Kirinyaga na Embu yetu ikaenda mpaka Marsabit, kabla haijagawanywa 1990. Kura ya mlolongo ilipoletwa, aliikemea mimbarini, wakubwa wakisikia. Aprili 1989 watu walivamia nyumba yake usiku, naye akapanda juu ya paa akapiga mayowe mpaka majirani wakaja. Na katika miaka hiyo hiyo dayosisi yake ilikuwa ikifundisha wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa kawaida wa kwenda nyumba kwa nyumba kuangalia watoto. Huyo alikemea dhambi. Angalia alimkemea nani, na alikuwa amebeba nini mkononi alipoingia nyumba ya maskini.

Kama unataka mama yako aache muguka, na mimi nataka, basi njoo na miche. Miembe ya kupandikiza huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mimi ninayo 40, na hakuna mtu wa upande huu aliyeitunza vizuri kuliko mimi. Ina nzi wake na mabroka wake, sikufichi. Katikati ya mistari tutapanda ndengu, hizo mnazoziita pojo huko pwani. Tutang'oa mstari mmoja wa muguka kila mwembe unaposhika. Lakini miaka hiyo mitatu mama yako atakula nini? Hapo ndipo ibada yako ilipo. Piga hesabu ya mbegu unayopanda kwa mtumishi, umtumie mama yako. Wale vijana wanane waje, nitawalaza kwangu, wachimbe mashimo. Mteremko ule una mawe ya kutosha kujaribu wokovu wa mtu yeyote. Na mkiwa hapa, mmoja wenu aketi na binamu yako usiku. Asimkemee pepo. Aketi naye tu.

Hayo mengine kwa ufupi. Usikope kwa simu ili utoe sadaka. Mwenye nyumba wako ni Mwislamu na alikuvumilia kodi miezi miwili. Msalimie kwa heshima, na usimhubirie kupitia ukutani. Kufunga ni kwako na Mungu, usikutangaze. Ukimchagua msichana, tuambie mapema, na safari hii hakuna atakayevunja kitu.

Habari hii ya panga sijamwambia mama yako. Hajui kwamba najua, ingawa kwa jinsi anavyotazama barabara kila gari la Embu linapofika, nadhani naye amesikia. Hajasema kitu kibaya juu yako. Juzi alinionyesha pale atakapowalaza wageni, akasema lazima nimtafutie magodoro.

Kwa hiyo nipigie kabla ya Jumapili. Ukishuka Kiritiri nitakuwa stendi, tutapita kwangu kwanza uone miche, halafu nikusindikize. Mletee leso, ile aliyo nayo imechakaa. Panga ziache Mombasa.

Na mpwa wangu, atapika. Najua atapika muthokoi. Nawa mikono, uketi, ule.

Mimi mjomba wako